Inanga Iliyoanikiwa Maharage

Katika nyumba moja ya tarafa ya Gishubi, mkoani Gitega, kulikuwa na ubao mrefu wenye bonde katikati, mfano wa sinia la mti. Urefu wake haukutimia mita moja, na upana wake ulikuwa shubiri moja na vidole vichache. Mama wa nyumba ile aliutumia kuanikia maharage. Kila baada ya mavuno aliutoa ukutani, akaupangusa, akauweka uani penye jua, akamwaga maharage juu yake. Karibu na ncha moja palikuwa na tundu lililochongwa kwa mfano wa nyota, na maharage yakipenya humo. Basi akaliziba kwa kitambaa. Siku za mvua ubao ulirudi ndani, na mara moja au mbili kuku mmoja mweupe aliona kuwa hapana mahali pafaapo zaidi kwa kutagia.

Asilaumiwe mama yule. Inanga isiyo na nyuzi ni ubao tu, na yeye alipoletwa katika nyumba ile alizikuta nyuzi zimekwisha kukatika. Mwenye kustahili lawama, ikiwa ni lazima apatikane, ni mumewe, sajini mstaafu wa jeshi, aliyejua vema kwamba lile halikuwa sinia bali inanga ya marehemu baba yake, naye akanyamaza miaka na miaka. Alipoulizwa baadaye na bintiye kwa nini hakusema, alijibu: "Mama yako alikuwa ameupenda." Jibu hilo ni zuri kwa amani ya nyumba, lakini halikuisaidia inanga, kwani jua la kila mwaka lilikuwa limekwisha kuupasua ubao ule kutoka ncha ya chini hadi karibu na katikati.

Mambo yalibadilika mwezi wa Agosti, wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, alipofika mchuuzi mmoja kwa pikipiki. Alikuwa miongoni mwa wale wanunuao vitu vya kale nyumba hadi nyumba: mikuki, vibuyu vya maziwa, viti vya miguu mitatu, vikapu vya harusi. Aliuona ubao uani. Akayasogeza maharage kando kwa adabu, akaugeuza, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kisha akataja bei, nayo ilikuwa thamani ya mbuzi wawili wakubwa.

Bei hiyo haikuwa jambo la mzaha. Binti wa sajini alikuwa amefaulu kwenda shule ya bweni, na karatasi ya mahitaji ilikuwa mezani: godoro, ndoo, madaftari, sare jozi mbili, ada ya muhula. Mbuzi wawili wangemaliza zaidi ya nusu ya karatasi ile. Mama alimtazama mumewe. Sajini alimwambia mchuuzi arudi baada ya Jumapili mbili.

Hapa yafaa ielezwe inanga ni kitu gani, kwa kuwa wako watoto wengi wa kambini na wa mjini ambao hawajapata kuiona, wala kuisikia isipokuwa redioni. Wasomaji wa Biblia ya Kirundi hulikuta neno hilo mahali pa kinubi cha Daudi, lakini inanga ya Burundi si kinubi. Ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa kuwa bonde jembamba lenye kingo. Hakina kiungo, gundi wala msumari. Kwenye ncha zake mbili huchongwa meno, na uzi mmoja mrefu hupitishwa kutoka jino la huku hadi jino la kule, ukirudi na kwenda, hata nyuzi nane au zaidi zikapatikana juu ya bonde. Kwa macho ni nyuzi nane, lakini kwa kweli ni uzi mmoja, na inanga ya kadiri ya ile ya Gishubi huhitaji uzi uzidio mita saba. Zamani ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe, ile itolewayo mgongoni kando ya uti, ikakaushwa, ikachanwa nyuzinyuzi, ikasokotwa.

Ala hii haitambui mipaka ya dola. Wanyarwanda wanayo, kwa jina lilelile. Wahaya wa mkoa wa Kagera, Tanzania, huiita enanga, na tendi ziimbwazo kwayo zilichunguzwa kwa kina na Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakiga wa kusini-magharibi ya Uganda wanayo. Washi wa upande wa Bukavu huiita lulanga. Ila msafiri asidanganyike akifika Buganda: ennanga ya huko ni kinubi cha upinde, kitu kingine kabisa.

Watu wengi wakitaja muziki wa Burundi hukumbuka ngoma, nao hawakosei. Ngoma ya Burundi imesafiri dunia nzima, na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwenye kutaka kuiona kwake aende Gishora, kilomita chache tu kutoka mji wa Gitega, palipohifadhiwa ngoma za tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo, zenye majina yao kama watu: Ruciteme na Murimirwa. Lakini ngoma ni ya kilima kizima. Hupigwa nje, mchana, mbele ya umati, na aliye ng'ambo ya bonde huisikia. Inanga ni ya nyumba. Hupigwa usiku, moto ukiwa umepungua, na aliye mlangoni huenda asisikie kitu.

Sababu ni kwamba mpiga inanga wa Kirundi mara nyingi haimbi kwa sauti, ananong'ona. Jambo hili limewashangaza wataalamu wengi wa muziki, na namna litendekavyo linaweza kujaribiwa na mtu yeyote hapo alipokaa. Msomaji na aweke vidole viwili kooni, atamke jina lake kwa sauti ya kawaida: atahisi mtetemo. Kisha alitamke kwa kunong'ona. Mtetemo hakuna. Sauti isiyo na mtetemo haiwezi kupanda wala kushuka kimuziki. Ni pumzi tu iliyopewa umbo la maneno kwa ulimi na midomo. Hata hivyo anayesikiliza inanga ya kunong'ona husikia kana kwamba mwimbaji anaimba, anapanda na kushuka. Kinachopanda na kushuka ni nyuzi. Pumzi huleta maneno, nyuzi huleta sauti, na sikio la msikilizaji huvifunga viwili hivyo kuwa kimoja pasipo kuulizwa. Mtaalamu wa Kimarekani, Cornelia Fales, ameandika makala zaidi ya moja juu ya maajabu hayo.

Kuna jambo jingine. Kirundi ni lugha ya sauti za juu na chini. Neno inda laweza kuwa tumbo, na laweza kuwa chawa, kwa kutegemea namna lilivyotamkwa. Anayenong'ona hawezi kutofautisha hivyo kwa koo lake. Basi nyuzi ndizo humsaidia. Ndiyo maana mpiga inanga akikosea uzi mmoja hakosei muziki peke yake. Aweza kuwa amemsifu mtawala kwa chawa wake.

Sajini aliyajua hayo kwa mbali tu, kama mtu ajuavyo njia aliyoipita akiwa amebebwa mgongoni. Alikumbuka baba yake akiketi, ubao umeegemea mwili, na watoto wakikatazwa kukohoa. Alikumbuka pia kwamba mwaka wa 1966, ufalme ulipoondolewa, wazee waliendelea kuimba nyimbo za ng'ombe na za wafalme waliokwisha kufa, lakini milango ikiwa imefungwa. Yeye mwenyewe hakujifunza. Aliingia jeshini akiwa kijana, akarudi na pensheni na maumivu ya goti.

Wiki ileile alifika nyumbani mwanawe wa kwanza, koplo, kwa likizo. Alikuwa amewahi kutumika Somalia, katika vikosi vya Burundi vilivyoanza kupelekwa huko mwaka 2007 chini ya Umoja wa Afrika, na katika safari zake alinunua gitaa kuukuu jijini Nairobi. Ndani ya tundu lake mlikuwa na karatasi iliyofifia yenye maneno Nippon Gakki. Ndilo jina ambalo kampuni ya Yamaha ya Japani ililitumia hadi mwaka 1987, kwa hiyo gitaa lile halikuwa na umri mdogo kuliko koplo mwenyewe. Lilikuwa na mikwaruzo mingi, na sauti yake ilikuwa nzuri ajabu.

Koplo alilipenda gitaa lile hata akajifunza habari zake. Alimweleza baba yake kwamba kampuni hiyo kubwa ilianzia kwenye ufundi wa kurekebisha: mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu, fundi Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza kinanda cha shule kilichoharibika, na baada ya kukifungua akaona kwamba aweza kuunda kingine. Magitaa ya bei nafuu ya kampuni hiyo yalienea pote duniani. Lakini huko huko Japani walikuwako mafundi wa aina nyingine, waliotengeneza magitaa machache kwa mikono. Masaru Kohno wa Tokyo alipeleka gitaa lake mashindanoni Ubelgiji mwaka 1967, likatunukiwa nishani ya dhahabu mbele ya wazungu waliodhani kazi hiyo ni yao peke yao. Kazuo Yairi, aliyefariki mwaka 2014, aliendesha karakana katika mji mdogo wa Kani, ambako mbao huwekwa miaka mingi zikauke kabla ya kuguswa na patasi.

"Kwa nini wahangaike hivyo," aliuliza sajini, "na mashine zipo?"

"Baba, mashine hukata kila ubao unene uleule. Lakini miti miwili haiwi sawa. Fundi huugonga ubao, husikiliza, hupunguza kidogo, hugonga tena. Kifuniko cha gitaa hakizidi milimita tatu hivi, na nyuzi za chuma hukivuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo sitini. Kikiwa kinene, sauti hulala. Kikiwa chembamba mno, hubomoka. Mashine haisikilizi."

Sajini aliinuka, akaenda uani, akayamwaga maharage chini (mkewe alisema naye baadaye), akaleta ubao na kuuweka mapajani mwa mwanawe. Koplo aliugonga kwa kifundo cha kidole, kama alivyofanya mchuuzi. Kisha akapitisha kidole ndani ya bonde, akahisi jinsi unene ulivyopungua polepole kuelekea katikati na kuongezeka tena kuelekea kwenye meno, mahali pabebapo mvuto wa uzi. Hakuna aliyempimia babu yake milimita. Palikuwa na shoka la kuchongea, kisu, na sikio.

Koplo alisema kwamba Japani pia iko ala ya jamii ya inanga, iitwayo koto, ambayo nyuzi zake 13 hutandazwa juu ya mti mwepesi uliofukuliwa ndani, mrefu kuliko mtu. Ilifika huko kutoka China yapata miaka 1,300 iliyopita, na hata leo mabinti hufundishwa kuipiga. Watu wenye viwanda vya magari hawakuona aibu kuendelea na ubao wenye nyuzi.

Basi ikawa shauri la nyumba nzima. Yafaa isemwe kwa haki kwamba mchuuzi hakuwa mwizi. Alitaja bei, wala hakudanganya. Vitu vya namna hiyo vilikwisha kuondoka kwa njia mbaya zaidi: katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kuna maelfu ya ala za muziki kutoka Afrika ya Kati, zimewekwa vizuri, zimeandikwa namba, hazina vumbi. Hazipigwi. Na mwenye njaa hawezi kuambiwa auhifadhi urithi kwa tumbo tupu. Mama wa nyumba ile aliyasema hayo kwa maneno machache kuliko haya: "Baba watoto, mtoto atalala juu ya inanga huko bweni?"

Sajini hakuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa binti, ambaye hakuna aliyemuuliza. Alisema kuwa babu wa kilima cha pili, ndugu mkubwa wa marehemu babu yake, bado anajua kuipiga, na akifa yeye hatabaki mtu wa kujua hata namna ya kuufunga uzi. Macho yake yamekwisha kufifia, lakini vidole bado.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, kama mtu azungumzaye habari nyingine kabisa, kwamba mikaratusi iliyoko bondeni imekomaa, na majirani wanaojenga wamekuwa wakiulizia nguzo. Mikaratusi ile ilikuwa yake, aliipanda kwa mikono yake, na alikuwa ameiwekea bati la jiko. Nguzo ziliuzwa. Jiko bado limeezekwa nyasi, na jambo hilo lisisahaulike wakati sajini anapopewa sifa.

Kilichofuata ni kazi. Koplo na baba yake waliupeleka ubao kwa mchongaji mmoja azoeaye kutengeneza mizinga ya nyuki na vyombo vya maziwa. Mzee yule aliutambua mti papo hapo: umuvugangoma, ule ule uchongwao ngoma, ambao Watanzania huuita mringaringa. Jina lake la Kirundi lina neno ngoma ndani yake, mti unaoifanya ngoma iseme. Zamani ulionekana mara kwa mara kwenye vilima. Sasa macho hukutana na mikaratusi safu kwa safu, na mwenye kutaka shina pana la umuvugangoma hana budi kutembea na kuuliza. Kwa hiyo haikuwezekana kusema "tuchonge nyingine." Hii iliyopasuka ndiyo iliyokuwapo.

Sajini alipendekeza misumari. Mchongaji alicheka. Mti uliokauka miaka sitini ukipigiwa msumari hufungua ufa mpya kuukimbia ule wa zamani. Akaeleza jambo ambalo kila mwenye meza, mlango au mpini nyumbani angefaa kulijua: mti hukauka upesi kwenye ncha kuliko katikati, kwa kuwa maji hutoka kwa kufuata mishipa yake, ncha husinyaa kabla ya mwili, na hapo hupasuka. Ndiyo maana mchongaji mwenye busara huchonga mti ukiwa bado mbichi kidogo, kisha huuacha kivulini miezi, akizipaka ncha zake mafuta mazito au udongo ili zisitangulie kukauka. Jua ni adui, na sakafu yenye unyevu ni adui mwingine. Kuupeleka ubao juani asubuhi na kuurudisha penye unyevu jioni, kama ilivyofanywa na maharage, ni kuupa ubao homa na baridi kwa zamu.

Aliufunga ufa kwa namna ya kushona nguo. Kwanza aliuweka ubao siku tatu mahali penye hewa ya wastani, pasipo jua, hata ufa ukajibana kidogo wenyewe. Kisha alitoboa matundu madogo kwa msumari uliopashwa moto, jozi kwa jozi, pande mbili za ufa. Akalowesha ukanda mwembamba wa ngozi ya ng'ombe, akaupitisha matunduni na kuukaza kwa meno. Ngozi mbichi ikikauka hukaza zaidi kuliko mkono wa mtu. Ndani ya ufa alisindilia unga wa mti uleule uliochanganywa na gundi. Koplo alitaka kuipaka vanishi ing'ae kama gitaa lake. Alikatazwa. Rangi nzito ni blanketi, alisema mchongaji. Nani huimba akiwa amefunikwa blanketi? Akaipaka samli kidogo kwa kitambaa, akaisugua hata ikakauka.

Kazi ya uzi ilileta ubishi mkubwa kuliko ule wa mbuzi. Mshipa wa ng'ombe haukupatikana. Bintiye sajini alinunua sokoni Gitega uzi wa nailoni wa wavuvi wa Tanganyika, nao ukafungwa. Babu wa kilima cha pili aliletwa akishikwa mkono, akaketishwa, akapewa ubao. Kwanza aliupapasa mgongoni. Alipofika kwenye mshono alisimama, akaupitia kidole mara mbili, asiseme neno. Kisha akagusa uzi wa kwanza.

"Nzi ndani ya chupa," alisema.

Lakini hakuurudisha. Kwa zaidi ya saa nzima alifanya kazi ya kuoanisha sauti, na hapo ndipo ilipoonekana kwa nini kazi hii haijifunzwi kwa kutazama. Gitaa lina kifungo cha kila uzi: ukikaza kimoja, vingine hubaki vilivyo. Inanga ina uzi mmoja. Ukiuvuta hapa, wa jirani hulegea; ukimrekebisha jirani, yule wa tatu hupanda. Mzee aliusukuma ulegevu kutoka jino moja hadi jingine, polepole, kama mama anayesukuma hewa kutoka kwenye mfuko wa unga, hata ukaishia kwenye ncha. Kila mara alimwita binti: "Mjukuu, huu na ule ni ndugu au si ndugu?" Mara ya kwanza alikosea. Mara ya nne alijibu sawasawa, na mzee akamwambia aweke kidole chake mwenyewe.

Jirani mmoja aliyekuwapo aliuliza kama ni halali binti kushika inanga, maana ngoma wanawake hawaruhusiwi. Ni kweli kwamba amri ya rais ya mwezi wa Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma, wakaachiwa ngoma zao za kuimba na kucheza. Lakini amri hiyo ni ya ngoma. Na hapo Rwanda mpiga inanga anayejulikana sana ni mwanamke, Sophie Nzayisenga, aliyefundishwa na baba yake mzazi, Thomas Kirusu, tangu akiwa mtoto mdogo. Mzee hakungoja mjadala uishe. Alisema kwamba yeye ana wajukuu wa kiume tisa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumuuliza kitu.

Binti alikwenda shuleni mwezi wa Septemba na godoro lake. Inanga ilibaki nyumbani, imetundikwa kwenye ukuta wa ndani, mbali na jiko na mbali na dirisha, uzi umelegezwa nusu kama mzee alivyoagiza, kwa kuwa ubao uliovutwa mchana na usiku pasipo kupigwa huchoka bure. Kila likizo huufunga tena mwenyewe. Mara ya kwanza ilimchukua siku mbili. Alipokuja likizo ya Pasaka ilimchukua asubuhi moja. Katika harusi moja ya jirani ng'ombe alichinjwa, na sajini, mtu mwenye haya, alikwenda kuomba mishipa ya mgongoni badala ya nyama. Mishipa hiyo sasa inakauka juu ya dari, na hakuna anayejua kama itatosha mita saba.

Mchuuzi alirudi baada ya Jumapili mbili, kama alivyoahidi. Akaikuta inanga ina uzi na mshono. Aliitazama kwa muda, akasema kuwa sasa thamani yake imepungua, maana wazungu hupenda kitu kisichotengenezwa. Akanywa kinywaji alichopewa, akaagana vizuri, akaondoka.

Usiku wa mwisho wa likizo ya koplo, mzee aliombwa apige. Mama alizima redio. Koplo alilifunika gitaa lake kwa shuka ili nyuzi zake zisiitikie, kwani gitaa likiwa karibu huweza kuvuma lenyewe. Watoto waliambiwa wasikohoe. Mzee alianza kunong'ona habari za ng'ombe mmoja aliyekuwa na pembe ndefu, na wote walimsikia akiimba, ingawa koo lake halikuwa linaimba. Nyumba ilitulia kabisa, pasipo redio wala mazungumzo, na moto ulikuwa umefifia.

Nusu saa hivi ilipopita, hodi ilipigwa. Alikuwa jirani wa chini, amejifunga shuka, ana taa mkononi na uso wa huzuni. Alipofunguliwa mlango aliuliza kwa sauti ya taratibu ni nani aliyefariki.